Nani anapima mashini yenye kupima?

Kila mutu mwenye alifika Musompo, pale inje ya Kolwezi, anajua namna mambo inapita. Mufuko unafunguliwa, mawe yanasagwa kidogo, mununuzi anatosha mashini yenye kuwa sawa bunduki ndogo, anaigusisha kwenye mawe, anafinya. Nyuma ya sekunde kidogo namba inatokea: teneri ya kobalti ni hii, ya shaba ni hii. Ile namba njo bei. Wiki muzima ndani ya shimo, chakula cha nyumba, feza ya masomo ya watoto, yote inangojea namba moja yenye kutoka ndani ya kitu chenye hakuna mutu pale anaweza kufungua.

Mambo ya wanunuzi wenye kucheza na namba tunayaacha siku ya leo. Tuseme mununuzi ni mutu wa haki. Tuseme mashini ni mupya, imetoka ndani ya karto yake. Inabakia swali moja: ile mashini yenyewe, nani aliipima? Mwangaza wa X wenye kuruka kutoka kwenye mawe unakuwa namba kwa sababu ya sirkwi, kile kidude keusi chenye miguu ya chuma chenye mafundi wa telefone wanakitosha na kukirudisha kila siku. Kama sirkwi ilizaliwa na kilema kidogo, namba inaweza kutoka vibaya, na hakuna taa nyekundu yenye itawaka.

Na sisi watu wa huku hatuko mbali na ile sirkwi. Mwaka wa 1997 kampuni IBM ya Marekani ilitangaza kama inaacha alminyumu na inatumia shaba kwa waya za ndani ya sirkwi. Leo sirkwi za nguvu karibu zote ziko vile. Ile shaba inavalishwa ngozi nyembamba ya tantali kusudi isiingie ndani ya silisyumu na kuiharibu, na tantali inatoka ndani ya koltani. Kisha Intel nayo ikatia kobalti kwenye waya za chini, zile nyembamba kupita zote. Hakuna mutu anaweza kusema shaba ya sirkwi hii ilitoka shimo gani. Lakini shaba, kobalti na koltani, vyote vinakutana ndani ya kitu chenye ukubwa wa ukucha.

Ndani ya ile ukucha kuko nini? Kuko transistori. Transistori ni sawa robine ya umeme: inafunguka, umeme unapita; inafunga, umeme unasimama. Kufunguka tunaandika 1, kufunga tunaandika 0, na hesabu zote za ordinatere zinatoka pale. Sirkwi Intel 4004 ya mwaka wa 1971 ilikuwa na robine 2.300. Ile M1 yenye Apple ilitosha mwaka wa 2020 iko nazo miliari 16.

Sirkwi hazitengenezwi moja moja. Zinachapwa mamia juu ya sahani ya duara ya silisyumu, yenye upana wa sentimetre 30, ndani ya usini fasi hewa inasafishwa kupita hewa ya chumba cha operasyo. Hata vile, chembe moja ya vumbi yenye jicho haiwezi kuona inaweza kukata waya moja ao kuunganisha waya mbili zenye hazipashwi kugusana. Njo maana katika kila sahani kuko sirkwi zenye kuzaliwa wagonjwa. Usini haijiulize kama wagonjwa wako. Inajiuliza wagonjwa ni wenye wapi.

Tusichanganye mambo mawili. Kuko kosa la mupango: fundi aliandika vibaya, basi sirkwi zote zinatoka na kosa lile lile. Mwaka wa 1994 profesa mumoja wa hesabu huko Virginia, Thomas Nicely, aliona kama Pentium ya Intel inakosea kwa kugawanya namba fulani. Intel iliweka pembeni dolari milioni 475 kwa ajili ya lile jambo. Ile ni habari ya mupango. Ugonjwa wa kuzaliwa ni kitu ingine: mupango uko muzuri, ndugu zake zote ziko wazima, lakini hii moja, hii yenye iko ndani ya mashini yako, iko na waya moja yenye imekatika.

Sasa, juu ya nini isipimwe tu? Unatia umeme, unauliza maulizo yote, unaangalia majibu, bwana, imekwisha. Tufanye hesabu. Kamata sirkwi ndogo yenye kujumlisha namba mbili, kila moja ya biti 32. Ni kazi ya mutoto kwa sirkwi. Iko na milango 64 ya kuingilia. Kila mulango ni 0 ao 1, basi maulizo yote yenye inawezekana kuuliza ni 2 kuzidishwa yenyewe mara 64, ni kusema namba yenye tarakimu 20. Kama unauliza maulizo miliari moja kila sekunde, bila kulala, utamaliza nyuma ya miaka 584. Na ile ni kwa kujumlisha tu.

Basi wakatafuta akili. Waliacha kuuliza «sirkwi inajua kila kitu?» na wakauliza «ni ugonjwa gani unaweza kuwa ndani, na swali gani moja litauonyesha?» Ugonjwa wa kawaida wenye waliuchagua ni waya yenye kugandamana: iko 0 siku zote, hata ukiiomba 1, ao iko 1 siku zote. Mutu mwenye kukaa cité anaelewa mara moja. Umeme umekatika kartye muzima, ampule ya chumba haiwake. Ampule imekufa ao haikufa? Huwezi kujua. Kwa kujua kama kitu kimegandamana kwenye giza, inaomba kukiomba kiwake, na inaomba njia yote kutoka kwenye swichi mpaka kwenye jicho lako iwe wazi. Mwaka wa 1966 J. Paul Roth, mutu wa IBM, aliandika namna ordinatere yenyewe inaweza kutafuta yale maulizo: kwa kila waya, kutafuta namna ya kuisukuma, na kutafuta njia ya kufikisha jibu lake inje. Kwa maulizo elfu kidogo zilizochaguliwa vizuri unaweza kukamata karibu wagonjwa wote wa namna ile. Miaka 584 inakuwa sekunde.

Lakini kulibakia shida kubwa. Ndani ya sirkwi hakuko paka robine. Kuko pia visanduku vya kumbukumbu, elfu na elfu, kila kimoja kinashika 0 ao 1 na kukingojea hatua yenye kufuata. Njo maana jibu la leo linatoka kwa kile kiliwekwa jana, na cha jana kwa kile cha juzi. Kwa kufikisha sirkwi kwenye hali moja ya ndani sana, labda inaomba kuitembeza hatua milioni. Ni sawa kutaka kujua hewa iko namna gani mwisho wa galeri ya metre mia, na wewe umesimama inje, unanusa paka mulangoni. Hesabu ya Roth, na uzuri wake wote, ilikuwa inachoka pale.

Katika miaka ya 1970 watu walielewa kitu chenye leo kinaonekana cha wazi kabisa: kama sirkwi ni ngumu kupima, kosa haiko kwa mupimaji tu. Iko kwa mwenye aliichora. Njia ya kupimia inapashwa kuchorwa pamoja na sirkwi, mbele ya usini kuanza. Ukishamaliza kuichapa, ni mwisho. Hutaingiza waya ndani ya kitu chenye ukubwa wa ukucha. Mwaka wa 1973 Michael Williams na James Angell wa chuo kikuu cha Stanford waliandika ile mawazo, na mwaka wa 1977 Edward Eichelberger na Thomas Williams wa IBM walitosha sheria za kuifuata kwa kazi kubwa.

Iko hivi. Kila kisanduku kinapewa kiswichi kidogo. Siku ya kazi, kisanduku kinapokea kitu kutoka kwa robine zake, sawa kawaida. Siku ya kipimo, kiswichi kinageuka na kila kisanduku kinapokea kitu kutoka kwa kisanduku cha jirani. Visanduku vyote vinakuwa mulolongo mumoja. Wenye kuchimba na mikono hawahitaji picha: watu wamejipanga kwenye ukuta wa shimo, mumoja juu ya mwingine, mufuko unapanda mikono kwa mikono mpaka juu. Hapa mifuko ni 0 na 1. Fundi anaingiza yake moja moja kwenye mulango, kila pigo la saa inasogeza yote hatua moja, mpaka kila kisanduku kinashika kile chenye fundi alitaka, hata kile cha ndani kabisa. Kisha anarudisha kiswichi kwenye hali ya kazi, anapiga pigo moja la saa, moja tu. Robine zote zinafanya kazi yao, majibu yanaingia ndani ya visanduku. Anageuza kiswichi tena, na mulolongo unatosha majibu inje, mufuko kwa mufuko. Na wakati ule ule mifuko ya swali lingine inaingia nyuma yake. Mashini ya inje inalinganisha: nilingoja 1, nimepata 0. Huyu mugonjwa.

Uzuri wake ni kama habari ya jana na juzi imekufa. Huna lazima ya kutembeza sirkwi hatua milioni; unaiweka fasi yenye unataka, unaangalia hatua moja. Na ukipata jibu baya, unajua ni kisanduku gani kililibeba, basi unajua upande gani wa kutafuta waya yenye kukatika. Usini inaenda kurekebisha mashini yake.

Hii haikuingia bila kelele. Viswichi vinakula fasi, na fasi juu ya silisyumu ni feza. Vinachelewesha umeme kidogo kabisa, na wenye kuchora wanapigania kila chembe ya mwendo. Kati ya ofisi ya kuchora na ofisi ya kupima kulikuwa maneno mingi: bale banachora, bale banateseka. Kwa maoni yangu wapimaji walishinda kwa sababu ya hesabu moja tu, hesabu ya mafundi ya zamani, yenye si sheria lakini inasema kweli: mugonjwa mwenye anakamatwa akiwa angali sirkwi tupu anakulipisha moja, ukimukamata kisha kuunganishwa kwenye karti, kumi, ndani ya mashini muzima, mia, kwa mukiliya, elfu. Chuma cha kamyo kubwa ya mugodi kikiharibika unakiona. Sirkwi yenye kuongoza motere yake ikiharibika, kamyo inasimama na watu wanabadilisha kila kitu kingine kwanza.

Pale niruhusiwe kutoka njiani kidogo, juu ya ile bunduki ya teneri. Ile kanuni ya mulolongo inafanya kazi hata kwa mutu mwenye hana mashini ya kupima sirkwi: ingiza kitu chenye unajua jibu lake, angalia kama jibu lile lile njo linatoka. Kikundi cha wachimbaji kinaweza kupeleka unga wa mawe yao laboratware, wapate teneri yake kwenye karatasi, wafunge unga uleule ndani ya kisanduku, na kuomba mununuzi apime kile kisanduku mbele ya mufuko wao. Inapashwa kuwa unga mukavu na mulaini. Ule mwangaza wa X unasoma ngozi ya juu tu ya mawe. Maji yanashusha namba, na jiwe lenye halijasagwa linasema habari ya upande wake mumoja tu. Wenye kutengeneza zile mashini wenyewe wanafanya vile, wanatuma pamoja nayo kipande chenye teneri yake inajulikana. Mununuzi mwenye kukataa kupima kitu chenye jibu lake linajulikana, bon, naye amekwisha kujibu.

Turudi. Nyuma ya sirkwi moja kulikuja shida ya karti, ule ubao wa kijani wenye sirkwi mingi pamoja. Zamani walikuwa wanafinya karti juu ya ubao wenye sindano mamia, kila sindano inagusa fasi yake. Kisha miguu ya sirkwi ikawa mingi, ikawa midogo, ikajificha chini ya tumbo. Sindano haikupata tena fasi ya kugusa. Mwaka wa 1985 makampuni ya Ulaya, na ya Marekani kisha, yaliunda kikundi chenye jina JTAG, na mwaka wa 1990 mawazo yao ikawa kanuni ya dunia muzima. Ni mulolongo ule ule, lakini sasa unapita mupakani mwa sirkwi: kila muguu unapewa kisanduku chake, na sirkwi za karti zinaunganishwa moja kwa ingine. Waya nne tu zinaingia kwenye karti, na unaweza kuuliza kila muguu. Fundi wa telefone mwenye kujua kazi anaweza kupitia zile waya nne kwa kutosha picha na namba ndani ya telefone yenye imekufa na haiwake tena.

Na pale pale unaelewa hatari. Mulango wa mupimaji ni mulango. Mwaka wa 2004 watafiti wa New York walionyesha namna ya kutosha ufunguo wa siri kutoka ndani ya sirkwi yenye kuficha siri, kwa kupitia ule mulolongo wa kipimo. Njo maana kwa sirkwi za karti ya banki na vitu vya namna ile, usini inapima, kisha inafunga njia, wengine kwa kuunguza fizible ndogo ya ndani yenye haitengenezwi tena.

Kuko pia sirkwi zenye kujipima zenyewe. Ndani yake kuko kiwanda kidogo cha maulizo: kinatosha musururu wa 0 na 1, kinakusanya majibu yote, kinayafinya yawe namba moja, kinalinganisha na namba yenye inajulikana. Hii iko ndani ya sirkwi za motokari zenye kulinda freni na mifuko ya hewa: ukigeuza ufunguo, mbele motere isiunguruma vizuri, wao wamekwisha kujiuliza.

Mutu angesema, basi kazi imeisha. Miaka mingi wengi walifikiri vile. Kisha mwaka wa 2021 maenjenyeri wa Facebook waliandika habari moja, na kwangu mimi njo habari kubwa kupita zote za kazi hii. Walikuwa na programu yenye kufungua mafichye zenye kufinywa. Mbele ya kufungua, programu inapiga hesabu ya ukubwa wa fichye. Kama ukubwa ni zero, ni kusema hakuna kitu, inaiacha. Fichye zikaanza kupotea. Hakuna alama ya kosa, hakuna mashini yenye kuzimika. Walifuata njia mpaka kwenye ordinatere moja kati ya maelfu, na ndani yake kwenye ubongo mumoja kati ya bongo zake mingi. Waliiuliza 1,1 kuzidishwa yenyewe mara 53, bila desimali. Jibu ni 156. Ule ubongo ulijibu 0. Hesabu zingine ulikuwa unajibu vizuri. Fichye ilikuwa na kitu ndani, ubongo ukasema hakuna kitu, na programu yenye kuamini ikapita.

Mwaka ule ule watu wa Google nao waliandika kama wanakuta bongo za namna ile, kidogo tu kwa kila mashini elfu kadhaa, na kama zingine zilikuwa nzima siku ya kwanza, ugonjwa ukaonekana nyuma ya wakati.

Juu ya nini mulolongo haukuwakamata? Kwa sababu waya haikugandamana. Inafanya kazi, lakini inachelewa chembe kidogo ya sekunde, na paka wakati wa joto fulani, na paka kwa namba fulani. Na kwa sababu kila sekunde yenye sirkwi inakaa juu ya mashini ya kupima ya usini inalipwa, na mashini ile ni ya bei kali. Basi wanapima sekunde kidogo, wanafunga, wanauzisha. Sirkwi itafanya kazi miaka kumi. Ulinganishe mwenyewe.

Makampuni makubwa sasa yanapima tena kwa mukiliya. Huko Facebook wako na namna mbili: moja inangojea ordinatere itoke kazini kwa matengenezo, inaitia maulizo marefu, ingine inaingiza maulizo mafupi sana, sehemu ya elfu ya sekunde, katikati ya kazi yenyewe, mara kwa mara. Na wenye kuchora wanaanza kuacha milango ya mulolongo wazi kwa mwenye kununua, na kifungo juu yake, kusudi kipimo cha usini kiweze kurudiwa nyuma ya miaka, ndani ya joto na vumbi la fasi yenye sirkwi inatumika kweli. Ubongo wenye kujibu 0 ulitolewa kazini. Ordinatere yake ilikuwa imepita vipimo vyote vya kawaida.